Bamba Kabla ya Bomba

Leo sifungui bomba, Mbodze.
Gramu mbili za utomvu wa magome ya Kakoneni
zimelala chupani, nzito, rangi ya chai iliyosahauliwa,
na bomba ni njia ya kwenda tu:
kilichopita hakirudi kuulizwa.

Kwanza bamba.
Nimelitoa ovenini, bado lina joto,
maana hewa ya Malindi mwezi wa Mei,
Sabaki ikishaifanya bahari kuwa tope,
hukaa ndani ya silika kama mgeni asiyeaga.
Unyevu, wajina wangu, hulilevya bamba
na bamba lililolewa husema uongo.
Juzi lilinidanganya.

Mstari wa penseli, si wa kalamu;
wino nao una safari zake.
Tone dogo kuliko punje ya mtama.
Heksani saba kwa asetati tatu,
kifuniko juu ya gilasi,
nasi tukangoja, kiwiko kisiguse meza.

Chini ya taa ya urujuanimno
madoa mawili yakasimama:
moja sitini kwa mia ya njia,
jingine hamsini.
Ukapiga makofi. "Yameachana, Dada Nyevu! Tumimine!"

Hapo hapo ndipo nilipoharibu mwaka jana.
Niliona mwanga kati ya madoa
nikadhani ni mlango.
Nikajaza bomba, nikasukuma hewa,
chupa thelathini, zote mchanganyiko,
miezi mitatu ya kutwanga na kuchuja
ikarudi kuwa kile kile nilichoanza nacho,
pungufu.

Sikiliza. Bambani kimiminika hupanda, bombani hushuka;
aliyefika juu zaidi ndiye wa kwanza kutoka chini.
Na bomba halihesabu sentimita.
Huhesabu kushiba kwake: ujazo mmoja, ujazo wa pili.
Chukua moja, gawanya kwa kipimo cha doa.
La sitini kwa mia: moja na theluthi mbili.
La hamsini: mbili kamili.
Kati yao theluthi ya ujazo.
Ukipiga chafya, umepitwa.

Basi tukapunguza ukali. Heksani tisa, asetati moja.
Umeme ukakatika, jenereta ya zahanati ikakohoa,
ikakohoa tena, ikakubali.
Madoa yalikuwa yamejikokota:
moja thelathini, jingine ishirini.
Ukanuna. "Ni kumi ile ile, Dada. Hatujapata kitu."

Kumi ile ile, ndiyo. Gawanya.

Ukaandika kiganjani: tatu na theluthi. Tano.
Ukainua uso polepole,
kama mtu aliyehesabu chenji
akakuta muuza duka amemzidishia.
Mwanya ule ule kwa macho,
mara tano kwa bomba.

Kwa hiyo kesho: silika gramu mia moja,
utomvu ukaushwe kwanza juu ya silika kidogo,
tuanze na asetati tano tu kwa mia,
tupande taratibu, tusimfukuze mtu.

Ulipokwenda kununua mkate
nikakuta daftarini, ubavuni mwa hesabu, mwandiko wako:

*Bamba limesema kweli, bomba nalo litafana,*
*Apandaye kwa ukali, chini hutokea jana,*
*Abakiye nyuma mbali, ndiye wetu wa maana,*
*Gawanya, usikubali, macho pekee kunena.*

Mizani imetimia. Nilicheka peke yangu.

Uliporudi, kwa utundu tu,
ukalitia bamba kwenye chupa ya iodini.
Likatokea doa la tatu, la kahawia,
pale pale kwenye mstari wa penseli,
halikuinua hata unyayo.

"Na huyu?"

Huyu simjui, Mbodze.
Moja gawanya kwa sifuri, hesabu yenyewe inanyamaza.
Andika namba kwenye chupa, hadi sitini,
na ile methanoli usiirudishe kabatini.